Kibati

Kilivunjika shingo Jumanne, mwezi wa Julai,
kwenye barabara ya bandarini, Punta Arenas,
kikaniangukia mapajani kama paka aliyeudhiwa.
Juu, kwenye kioo cha mbele, kilibaki kibati tu,
ukubwa wa ukucha wa kidole gumba,
kimeng'ang'ania bila cha kushikilia.

Wanasema yaliyopita si ndwele.
Lakini lori la magogo lililokuwa nyuma yangu
lilikuwa bado halijapita.
Nilifika nyumbani nikizungusha kichwa kama bundi.

Pikapu hii ilikuwa ya baba.
Zvonko, fundi wa boila kiwanda cha nyama,
mrefu kiasi cha kuinama mlangoni mwake mwenyewe.
Kioo alikibandika kwa kipimo cha macho yake.
Miaka tisa tangu azikwe ninaendesha
nimekalia mto wa kochi, wa maua ya kahawia,
ili nione nilikotoka.

Lautaro wa jirani, muuza vipuri vya magari marehemu,
alinipa kioo kingine, cha teksi,
na kibati chake ndani ya karatasi ya sigara.
"Nevenka," akasema, "gundi haipendi baridi.
Usipopasha kwanza, usijisumbue."

Basi waya mrefu kupitia dirisha la jikoni,
draya ya nywele ya binti yangu Ivka,
nami ndani ya pikapu, koti na kofia,
nakipuliza kibati cha zamani kwa mbali, taratibu.
Kioo kilichoganda ni kama mfiwa,
hakipewi habari kwa ghafla.

Halafu koleo. Nikabana, nikasokota.
Kikatoa mlio wa biskuti.

Chini yake nikakuta msalaba mwekundu,
wa penseli ya nta, mistari miwili iliyopinda.
Alama huwekwa nje ya kioo, baba,
kila mtu anajua,
ndani inaizuia gundi kushika.
Alikosea.
Kikashika miaka thelathini na mmoja.

Niliutazama kidogo. Si sana, mkono ulikuwa unaganda.
Kisha wembe, umelazwa karibu bapa,
gundi ikivuka kama magamba ya samaki,
na wekundu ukavuka nayo.
Spiriti. Kitambaa kisichoacha nyuzi.
Spiriti tena.

Nikautoa mto.

Nikakaa chini kabisa, ilipo kiti chenyewe,
Ivka nje, upepo ukimvuta koti,
mkono mmoja ameshika kioo, mwingine penseli.
Nikamwelekeza kwa kidole.
"Chini."
"Hapa?"
"Chini tena. Zaidi. Mimi si babu yako."
Akachora nje, mahali panapostahili,
akakimbilia jikoni akitukana hali ya hewa.

Tone moja la gundi. Moja.
Nikabandika, nikakandamiza, nikahesabu hadi sitini,
kwa Kikroatia alichonifundisha baba,
ambacho kwangu huishia kumi na tisa,
na ishirini nikaianza kwa Kihispania.

Siku nzima nilingoja.
Nilipita na pikapu mara nyingi kwa macho tu,
kutoka dirishani, kama mtu aliyeacha mkate jiko la jirani.

Alhamisi nikateremsha mguu wa kioo juu ya kibati,
nikakaza skrubu kwa kifunguo cha pembe sita,
nikaacha kabla haijalalamika.
Nikakigeuza. Kwanza paji langu la uso, lenye mvi mpya.
Kisha dirisha la nyuma, kisha Tuerca, mbwa wetu,
amelala juu ya mto wa maua ya kahawia
kana kwamba alikuwa akiudai siku zote.

Nikashuka kuelekea bandarini.
Pembeni mwa njia mwanamke ameshika kamba ya manispaa,
ile inayofungwa watu wasipeperushwe,
akawa mdogo, akawa mdogo zaidi.
Na nyuma yake lori la magogo, taa zimewashwa.

Nililiona mapema.
Nikasogea kando. Likapita.